Kimya cha Bjug

Wifi yangu Gunnvor alifundisha watu kunyamaza kwa miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo sikumwona yeye mwenyewe akinyamaza kwa muda wa kuchemsha yai. Nasema hivi bila chuki. Mumewe ni kaka yangu, na wifi asipomsema wifi yake, atasemwa na nani?

Alizaliwa mwaka arobaini na tisa huko juu Nordgarden, upande wa bonde ambao jua haliufikii kuanzia Novemba hadi Februari, kwenye nyumba ya watoto saba na fidla moja isiyo na mwenyewe. Babu yao alikuwa ameiacha ukutani. Wale sita wengine walikuwa na akili zao: waliitazama, wakapita. Gunnvor alipotimiza miaka kumi na mmoja akaishusha, akaikwaruza hadi ng'ombe wakapunguza maziwa. Mama yake akafunga mikate ya lefse kwenye kitambaa, akamwambia aende na fidla kwa mzee Bjug Heggtveit akafundishwe kupiga vizuri, au aiache hukohuko.

Bjug ndiye aliyekuwa mpiga fidla wa bonde letu. Wakati huo ana miaka sabini na minne, mjane, anaishi na binti yake Torbjørg, na noti ya muziki kwake ilikuwa sawa na kinyesi cha nzi kwenye karatasi. Alifundisha hivi: aliketi kando ya jiko la kuni, akapiga, mtoto akatazama. Mtoto akikosea, Bjug alipiga tena. Mtoto akipatia, Bjug alipiga tena vilevile. Sifa hazikuwepo. Gunnvor alikwenda kila Jumamosi kwa miaka sita, na mzee alipozikwa, nyimbo zake thelathini na moja zilibaki kichwani mwa msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa tayari anajiona kama kanisa.

Wimbo mkubwa kuliko zote ni Farasi wa Kasisi. Katikati ya sehemu ya pili Bjug alikuwa anainua upinde, nyuzi zinabaki zikivuma zenyewe, halafu mguu wake unagonga sakafu: ko. Kimya. Ko. Kisha anaendelea kana kwamba hapakuwa na lolote. Kimya kile kilimwingia Gunnvor utotoni kisimtoke tena. Alipokwenda kusoma chuo Oslo aliandika kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na nne kuhusu sekunde mbili. Alithibitisha humo kwamba pigo la kwanza ni kwato za farasi zikisimama ukingoni mwa ziwa lililoganda, pigo la pili ni kwato zikikanyaga barafu, na katikati ni kasisi anayepima imani yake na unene wa barafu. Aliandika pia kwamba watu wa bonde letu tangu zamani hukipokea kifo kwa ukimya. Mimi nimezika watu wengi hapa. Tunakipokea kwa kahawa, aina saba za biskuti, na ugomvi wa nani achukue trekta.

Lakini nani angembishia? Alikuwa na cheti. Akarudi, akaolewa na kaka yangu Sveinung, mfugaji wa kondoo ambaye husema maneno matatu kwa mwaka na mawili kati ya hayo humwambia mbwa, wakapendana sana kwa mgawanyo huo wa kazi. Akaanza kufundisha shule ya muziki ya wilaya. Watoto wote wa bonde walipita mikononi mwake, wenye kipaji na wenye masikio ya jiwe kama mimi, ambaye alinifundisha majira mawili ya baridi halafu akaniambia kwa upole wake wote, "Wifi, wewe una mikono mizuri ya kupika."

"Nyamaza hapo!" Hilo ndilo lilikuwa somo lake. "Usiniwahishe! Inua upinde! Ko... mwache farasi aogope... ko!" Baada ya miaka michache hapakuwa na mtu bondeni asiyejua. Wimbo ukipigwa ukumbini, ukifika pale, watu mia mbili walikuwa wanagonga miguu pamoja na mpigaji, kizee na kitoto, ko, ko, na wageni wa kutoka Oslo wanatokwa machozi.

Sasa nimseme Tarjei, maana bila yeye hii ni hadithi ya mwalimu tu, na walimu wana hadithi zao za kutosha.

Kwetu hakuna anayepanda jukwaani akaanza kupiga tu. Kwanza hutaja: wimbo huu nimeupata kwa fulani, naye aliupata kwa fulani. Asiyetaja ameiba. Nimeona watu wakikoroma wakati wa wimbo wenyewe, lakini wakati wa kutaja hakuna hata anayekohoa. Basi mwaka themanini na nne, kwenye mashindano ya majira ya machipuko, akapanda kijana wa miaka kumi na saba, Tarjei Groven, mikono mirefu, masikio mekundu, akasema: "Farasi wa Kasisi. Nimeupata kwa baba yangu Knut, naye aliupata kwa Bjug Heggtveit." Akapiga. Alifika pale katikati, na akapita. Hakuinua upinde. Farasi hakusimama. Ukumbi mzima uligonga ko peke yake, ukaaibika.

Gunnvor alikuwa mmoja wa waamuzi watatu, na wale wawili wengine walikuwa wanafunzi wake. Tarjei akawa wa kumi na tisa kati ya kumi na tisa. Kwenye karatasi yake ya maksi Gunnvor aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: *Kijana hajui kunyamaza.* Baba yake, Knut, alikuwa ameketi safu ya pili amevaa vazi lake la sherehe lenye vifungo vya fedha. Alinyanyuka, akachukua kofia, akaenda kumsubiri mwanawe ndani ya gari.

Fidla ikauzwa kwa daktari wa meno mjini Skien kabla theluji haijaisha. Tarjei akapata kazi ya kuendesha gari la wilaya la kuzoa theluji, na kwa miaka thelathini na minne iliyofuata, kila theluji ilipoanguka, barabara yote ya bonde ilikuwa safi kama meza ya kanisani isipokuwa mbele ya geti la Gunnvor, ambako lundo lilisimama hadi kifuani. Gunnvor akilalamika wilayani, wanamjibu kwamba ni mkunjo wa barabara. Sveinung alilichimba kwa sepetu kila asubuhi, bila kusema neno, na ninadhani ndiyo maana hakuwahi kupata kitambi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa, kila mtu na lundo lake, hadi Desemba ya mwaka wa elfu mbili na kumi na nane. Mimi nilikuwa mpishi kwenye makao ya wazee, mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Gunnvor alikuja kama kila mwaka na wanafunzi wake sita wapigie wazee nyimbo za Krismasi, na wakamalizia na Farasi wa Kasisi. Mbele kabisa, kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi, alikuwa Torbjørg, yule binti wa Bjug, miaka tisini na mitatu, ambaye kwa kawaida alilala kuanzia chai hadi chakula cha jioni. Watoto wakainua pinde. Ko. Kimya. Na ndani ya kimya kile Torbjørg akaangua kicheko.

"Heh! Bado wanatema!"

Ko, wakamalizia watoto, wakashindwa kuendelea.

Gunnvor akainama kwake na ile sauti ya kuwasemesha wazee kana kwamba ni viziwi na wajinga kwa pamoja. "Umesemaje, Bi Torbjørg?"

"Wanatema, mwanangu! Kama baba! Masikini, sita wote, na hawana hata jiko!"

"Wanatema nini?"

"Ugoro, nini tena? Daktari alimkataza kiko mwaka hamsini na nane, kifua. Basi akahamia ugoro. Mdomo ukijaa, anainua upinde, anafungua mlango wa jiko kwa kidole cha mguu, ko! Anatema. Anausukuma kwa kisigino, ko! Huyo, anaendelea na wimbo. Na nani alikuwa anasugua lile jiko? Mimi hapa! Miaka minane! Mara nyingine hakulenga!"

Nilikuwa nimebeba sinia ya keki na jibini ya kahawia. Nilicheka mpaka nikaiweka chini. Nilicheka kwa ajili ya majira yangu mawili ya baridi, kwa ajili ya kasisi, kwa ajili ya kurasa zote mia mbili na kumi na nne.

"Lakini mimi nilikuwepo," Gunnvor akasema. "Nilikuwepo kila Jumamosi."

"Ulikaa wapi wewe?"

"Nyuma ya bega lake. Ili nione vidole."

"Basi uliona mgongo," Torbjørg akasema.

"Na kabla ya ugoro?" Sauti ya wifi yangu ilikuwa imekuwa ndogo. "Alipokuwa na kiko, aliupigaje?"

"Moja kwa moja! Farasi wa kasisi asimame njiani kwa nini, ana miadi? Aliupiga kama yule Knut wa Groven. Knut ndiye aliyeupata kabla haujaharibika." Akafumba macho. "Knut alikuwa kijana mzuri. Alikuwa anapangusa miguu mlangoni."

Hapo nikamtazama Gunnvor usoni, na kicheko kikanikauka. Nimemwona mwanamke huyo akizika wazazi wote wawili. Hakuwa na uso ule. Nikaona haya, nikaokota sinia yangu.

Jioni hiyohiyo tuliketi jikoni kwake, yeye, Sveinung na mimi. Nieleze ilivyokuwa: mwezi wa Machi Gunnvor angetimiza miaka sabini. Wilaya ilikuwa imeandaa sherehe ukumbini, kitabu chake kilikuwa kinachapishwa upya kwa jalada gumu, na yeye mwenyewe, aliyeacha kupiga hadharani kwa sababu ya nyonga, alikuwa ameahidi kupiga wimbo mmoja. Nadhani nisiutaje.

"Torbjørg amekwisha sahau," nikamwambia. "Watoto hawakuelewa. Nani anajua? Sisi watatu."

"Wifi, na wewe unaweza kutunza siri?"

"Nikitaka."

"Ulitaka lini?"

Sveinung akatoa kikombe mdomoni. Tukamgeukia, maana alikuwa anavuta pumzi ya kusema. "Nyamaza tu," akamwambia mkewe. Hilo likawa neno lake la mwaka ule.

Nataka niwe mkweli: ningekuwa mimi, ningenyamaza. Mwanamke aliyejenga nyumba miaka arobaini havunji msingi kwa sababu ya mate ya marehemu. Torbjørg akafariki Januari, usingizini, akiwa na siri yake, na nikamwambia Gunnvor kwamba hata Mungu yuko upande wake. Akanijibu, "Yule kijana alitaja vizuri, Ingerid. Alimtaja baba yake. Nami nilisikia, nikaandika vile." Nikaelewa kwamba hakuwa anawaza kitabu hata kidogo.

Wiki moja baadaye, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimepitia kwake kuchukua mayai. Theluji ilikuwa imeanguka nusu mita. Tukasikia gari la Tarjei linakuja. Gunnvor akavaa buti, akachukua fimbo yake, akaenda kusimama katikati ya barabara. Nikamfuata, nani angebaki ndani? Gari likasimama hatua tatu mbele yake. Tarjei akashusha kioo. Sasa ni mtu wa miaka hamsini na moja, ndevu za kijivu, masikio yaleyale.

"Mwalimu. Kama ni mambo ya theluji, piga simu wilayani."

"Sikuja kwa theluji. Nimekuja kuomba wimbo."

"Fidla sina. Niliuza."

"Najua."

"Unajua kwa nini niliuza?"

"Najua. Ulipatia wewe, Tarjei. Niliyekosea ni mimi." Akamweleza pale pale, injini ikinguruma: jiko, ugoro, mlango, yote. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Mzee alikufa mwaka tisini na sita," akasema. "Alikufa akiamini alinifundisha vibaya. Aliniomba radhi hospitalini. Baba yangu, ananiomba radhi mimi!" Akapiga usukani kwa kiganja. "Sasa unataka nifanye nini? Maji yakimwagika hayazoleki, Mwalimu."

Uvumilivu ukanishinda. "Maji hayazoleki," nikamwambia, "lakini theluji inazoleka, na wewe unalipwa kuizoa, mbona hii ya getini kwa wifi yangu huzoi miaka yote?"

"Mama Ingerid, ule ni mkunjo wa bara—"

"Mkunjo wa roho yako!"

Kimya. Wala hakikuwa na farasi ndani yake. Tarjei akamtazama Gunnvor, nyonga mbovu, fimbo, pua nyekundu. Kisha akausukuma mlango wa upande wa pili.

"Panda," akasema. "Sina fidla, lakini mdomo ninao. Na usinikatize."

Alipanda kwa shida, mimi nikimsukuma kwa nyuma bila heshima yoyote. Asubuhi kumi na mbili za theluji alizunguka bonde lote ndani ya gari lile, Tarjei akiuimba wimbo kwa mdomo, di-dam-di, jinsi wazee walivyofanya zama fidla zilipohesabiwa kuwa za shetani. Gunnvor akikosea, aliimba tena. Akipatia, aliimba tena vilevile. Watu walianza kunong'ona kwamba Mwalimu anazurura na kijana wa wilaya. Nilijitahidi wasiache.

Ukumbi ulijaa siku ile ya Machi. Mwenyekiti wa wilaya alihutubia kuhusu ukimya kwa dakika arobaini. Kitabu chenye jalada gumu kilikuwa kimepangwa mezani. Gunnvor akapanda na vazi lake la sherehe, akaketi, akakaza nyuzi, na watu wakaacha kukohoa.

"Farasi wa Kasisi," akasema. "Nimeupata kwa Tarjei Groven, naye aliupata kwa baba yake Knut, naye aliupata kwa Bjug Heggtveit. Ule niliokuwa nawafundisha una ugoro ndani yake. Bjug alikuwa anatema jikoni, nami nikadhani anasali. Mwaka themanini na nne niliandika kwamba Tarjei hajui kunyamaza. Nilimdhulumu, na nilimdhulumu Knut, ambaye hawezi tena kunisikia."

Ukumbi ukacheka! Walidhani ni utani. Gunnvor hakuwahi kutania maishani mwake, wakafurahi kwamba amejifunza uzeeni. Naye akaanza kupiga. Alipiga kama sijawahi kumsikia, bila kujikwaa popote, wimbo unateremka tu kama maji ya machipuko, na mimi ambaye sina sikio nilijua kwamba ni kitu kingine. Ukafika pale katikati. Hakuinua upinde. Na watu mia mbili wakagonga, ko, ko, katikati ya wimbo uliokuwa unaendelea, kama watu wanaobisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nilikuwa tayari kuwacheka, kisha nikauona mguu wangu mwenyewe. Nao ulikuwa umegonga.

Mguu mmoja tu ulikuwa umeshika mwendo bila kukosea, huko nyuma karibu na mlango. Sikuhitaji kugeuka.

Wakati wa kahawa watu walimzunguka. Wengine walimhurumia, "Maskini Mwalimu, umri nao," wengine walinuna. Kamati ilijikusanya pembeni ya meza ya biskuti na kabla kikombe cha pili hakijaisha ikawa imeamua kwamba kuna mapokeo mawili, yote halali, ya Groven na ya jikoni, na mwamuzi asimpunguzie mtu maksi kwa lolote kati ya hayo. Vitabu viliuzwa vyote. Ndivyo sisi tulivyo. Ukitupa ukweli tutaupangia utaratibu.

Tarjei akapita katikati yao na koti lake la kazi lenye mistari ya kung'aa. Akatoa pochi, na ndani ya pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa mikunjoni, nikautambua mwandiko wa kulala hata kabla hajaikunjua. Akaiweka mezani kando ya kikombe cha Gunnvor.

"Leo hata wewe hukujua kunyamaza, Mwalimu," akasema.

Wifi yangu akafungua mdomo, akaufunga. Aliitazama karatasi, akamtazama Tarjei, machozi yanateremka hadi kwenye vifungo vya fedha, na neno halikutoka. Niliangalia saa ya ukutani. Yai lingeiva hadi kiini.